Utando Mwembamba Hutii, Mnene Hubeba

Chukua mfuko wa plastiki, ule laini wa sokoni, kama bado umebakiwa na mmoja baada ya Kenya kuipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Uchane polepole kwa kuuvuta pande mbili, kisha uuweke mezani na kuutazama ukingo uliochanika. Hautalala. Umejaa mawimbi, na ukiusogeza karibu na jicho utaona kwamba juu ya kila wimbi kubwa yamepanda mawimbi madogo, na juu ya hayo mengine madogo zaidi. Hakuna aliyeyakunja. Mkono wako ulivuta tu, na ulivuta ndani ya ubapa uleule wa plastiki.

Mwaka 2002 Eran Sharon, Michael Marder, Harry Swinney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya mawimbi hayo. Plastiki iliyo karibu na mchano huvutika na kubaki ndefu, iliyo mbali hubaki na urefu wake wa awali, na ukingo uliorefuka hauna pa kwenda isipokuwa kupanda na kushuka. Waliongeza jambo lililowashtua baadhi ya wanabotania: majani ya mimea yenye kingo za mawimbi huenda hayahitaji jeni inayochora kila wimbi. Inatosha ukingo ukue kuliko katikati. Mwaka uliofuata, watafiti wa John Innes Centre huko Norwich, Uingereza, walionyesha upande wa pili wa habari hiyo kwa ua liitwalo Antirrhinum. Mmea wenye hitilafu katika jeni moja ulishindwa kuuzuia ukingo wa jani usiendelee kukua, na majani yaliyotakiwa kuwa bapa yakatoka yamekunjamana. Ukiliangalia jambo hili kwa makini, ni ubapa unaohitaji maelezo. Jani bapa ni jani lililodhibitiwa sana.

Swali lililofuata ni la kiufundi. Kama mawimbi hujitokeza yenyewe, je, mtu anaweza kuamua mapema ni umbo gani litokee? Aunde kitu bapa, akiachie, na kijigeuze kuwa bakuli, ua au uso wa mtu? Jibu ni ndiyo, na limejulikana kwa takriban miaka 20. Lakini ndiyo hiyo ina sharti ambalo halitajwi sana kwenye video za kuvutia zinazosambazwa na maabara. Jiometri ya jambo hili imeshaeleweka kwa kiasi kikubwa. Kinachokwamisha ni unene, na nitajaribu kuonyesha kwamba karibu kila hatua iliyopigwa katika fani hii ni namna mpya ya kukwepa tatizo hilo moja.

Mzizi wake ni wa zamani kuliko plastiki. Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Göttingen, alitumia miaka kadhaa ya muongo wa 1820 akipima ardhi ya ufalme wa Hannover, na mwaka 1827 akatoa nadharia ambayo mwenyewe aliiona ya ajabu. Inasema kwamba mbinuko wa uso unaweza kujulikana kwa kupima umbali juu ya uso huo peke yake, bila kutoka nje na kuutazama kwa mbali. Ushahidi uko chini ya miguu yetu. Kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta, tuseme pale inapokatiza Nanyuki au Kayabwe, ni kama kilomita 10,000 ukifuata ardhi. Dunia ingekuwa bapa, duara lenye nusukipenyo cha kilomita 10,000 lingekuwa na mzingo wa karibu kilomita 63,000. Ikweta ina kilomita 40,000 tu. Huo upungufu wa kilomita 23,000 ndio mbinuko wenyewe, na mpimaji asiyewahi kuona picha yoyote kutoka angani angeugundua kwa kamba na subira. Mzingo ukipungua, uso unabinuka kama tufe. Ukizidi, uso unakuwa wa tandiko: ukiufuata upande mmoja unapanda, ukiukatiza unashuka. Ukilingana na hesabu ya shuleni, uso ni bapa, au ni mcheduara, ambao ni karatasi bapa iliyozungushwa bila kuvutwa popote.

Sasa isome nadharia hiyo kwa kinyume. Ikiwa umbali juu ya uso ndio unaoamua mbinuko, basi mwenye uwezo wa kubadili umbali ameushika mbinuko mkononi. Hahitaji kalibu wala nyundo. Mafundi wa kawa wa pwani wanalijua hili kwa vidole: ukili ni utepe bapa, hushonwa kwa kuzungushwa kutoka katikati, na fundi akiukaza, kila mzunguko unapungukiwa na urefu ambao ungetosha kulala chini, kawa ikainuka; akiulegeza, ukingo unaanza kuyumba. Ila kawa hupata umbo lake mikononi mwa fundi, wakati wa kushonwa. Tando tunazozizungumzia hutengenezwa zikiwa bapa kabisa, na urefu wa kila sehemu hubadilika baadaye, kwa joto, maji, hewa au mwanga, bila mtu kuzigusa.

Hapo ndipo unene unapoingia. Utando wowote una njia mbili za kuitikia urefu uliobadilishwa ndani yake. Unaweza kupinda ili kila sehemu ipate urefu inaoutaka, au unaweza kubaki bapa na kuvumilia, sehemu moja ikivutwa na nyingine ikibanwa. Utachagua njia iliyo rahisi kwa nishati. Gharama ya kuvuta huongezeka sambamba na unene, ilhali gharama ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene. Ongeza unene mara mbili, na kuvuta kutakuwa kugumu mara mbili, lakini kupinda kutakuwa kugumu mara nane. Upunguze mara kumi, na kuvuta kutarahisika mara kumi, kupinda mara elfu moja. Kwa hiyo utando mwembamba hutii vipimo ulivyopewa karibu kikamilifu, kwa sababu kupinda karibu hakuugharimu kitu. Mnene hukaidi: hubaki karibu bapa, mivutano yote ikiwa imefungiwa ndani. Na ule mwembamba unaotii vizuri hauwezi kubeba chochote, kwa sababu ileile iliyoufanya utii.

Jaribio la kwanza lililoandika umbo ndani ya utando kwa makusudi, kwa kufuata hesabu ya Gauss, lilichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science. Sharon alikuwa sasa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, akishirikiana na Yael Klein na Efi Efrati. Walitumia jeli ya polima inayokunywa maji ikiwa baridi na kuyatema ghafla inapofika nyuzi 33 hivi za Selsiasi. Tabia hiyo ya jeli kusinyaa kwa ghafla ilikuwa imechunguzwa na Toyoichi Tanaka wa MIT tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti wa Jerusalem waliiingiza jeli kati ya vioo viwili kupitia tundu la katikati, wakibadilisha ukolezi wake kadiri ilivyokuwa ikiingia, na wakapata diski ambayo katikati yake ina ukolezi tofauti na ukingo. Jeli hafifu husinyaa sana, jeli nzito husinyaa kidogo. Diski yenye ukingo hafifu ilipotiwa kwenye maji ya moto iliinuka kuwa kuba. Yenye ukingo mzito ilijikunja mawimbi kama ule mfuko uliochanwa. Ziliporudishwa kwenye maji baridi zilinyooka tena.

Nakiri kwamba mimi huliona jaribio hili kuwa zuri kuliko mengi yaliyofuata, ingawa maumbo yake ni ya kawaida. Sababu ni unyofu wake. Hakuna mashine ya ajabu. Kuna kipimo kimoja, ukolezi, kinachobadilika kutoka katikati kwenda ukingoni, na kutokana na kipimo hicho mtu angeweza kukokotoa umbo kabla ya kuwasha jiko. Lakini lilikuwa na mpaka ulio wazi: ukolezi ulibadilika kwa duara tu, kwa hiyo maelekezo yote yalikuwa ya duara. Mpaka huo ulivunjwa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, ambako Ryan Hayward, Christian Santangelo na wenzao walitumia mbinu ya vitone ya wachapaji wa magazeti. Ndani ya utando wa jeli mwembamba kuliko unywele, walichapa kwa mwanga wa urujuanimno vitone vya jeli isiyovimba sana katikati ya jeli inayovimba sana. Vitone vikubwa eneo hili, vidogo eneo lile, na kila sehemu ya utando inapata kiwango chake cha kuvimba. Kuanzia hapo kila nukta juu ya ubapa iliweza kupewa amri yake.

Ila umbali hauuambii utando kila kitu. Kuba linaweza kuinuka au kuzama, na vipimo vya juu ya uso havitaona tofauti. Kwenye uso wa mtu, pua inaweza kutokeza au kudidimia, kila jicho nalo vivyo hivyo, na kila kibonyeo kipya huongeza maradufu idadi ya nyuso zinazolingana na maagizo yaleyale. Wanahisabati wanajua kwamba hali ni mbaya kuliko hivyo. John Nash mwaka 1954, na Nicolaas Kuiper mwaka uliofuata, walithibitisha kwamba uso unaweza kukunjwakunjwa kwa mikunjo midogo hadi utoshee kwenye nafasi finyu upendavyo huku umbali wote ukibaki vilevile. Kinachouokoa utando halisi usigeuke takataka ya namna hiyo ni gharama ya kupinda, ambayo hata kwenye utando mwembamba sana haifiki sifuri. Mikunjo mikali ni ghali, kwa hiyo utando huchagua umbo lililo tulivu. Unene kidogo, kwa maneno mengine, unahitajika. Bila unene hakuna anayechagua.

Njia ya kumaliza utata wa juu na chini ni kuweka matabaka mawili. Wazo lenyewe linafanya kazi ndani ya pasi za umeme zenye kujizima: utepe wa metali mbili zilizogandamanishwa, moja ikitanuka kuliko nyingine inapopata joto, hupinda na kukata mkondo. Stephen Timoshenko aliandika hesabu yake mwaka 1925, na bado inafundishwa. Tabaka la juu likirefuka kuliko la chini, utando unajua upande wa kuelekea. Kwa hiyo mbunifu sasa ana maagizo mawili, urefu wa juu ya uso na upinde wa kila sehemu. Na maagizo mawili yanaweza kupingana.

Hakuna palipoonyeshwa mgongano huo vizuri kama kwenye ganda la mbegu. Bauhinia variegata, mti wa asili ya Asia wenye maua ya zambarau na waridi, umepandwa kwenye bustani na kando ya barabara katika miji ya Afrika Mashariki, na wengi wetu tumepita chini yake. Ganda lake ni bapa, refu, lenye nusu mbili. Likikauka linapasuka na kila nusu inajisokota kama parafujo, moja kwa mkono wa kulia, nyingine kwa wa kushoto, mbegu zikarushwa. Hakuna chembe hai inayofanya kazi hiyo, ganda limeshakufa. Shahaf Armon, Efrati, Raz Kupferman na Sharon walilichambua mwaka 2011. Ndani ya ukuta wa ganda kuna matabaka mawili ya nyuzi, kila moja likiwa limelala kwa pembe ya digrii 45 kutoka kwenye urefu wa ganda, moja kulia na jingine kushoto, hivyo yanakatizana kwa pembemraba. Tabaka likikauka husinyaa kwa kukatiza uzi, si kwa kuufuata. Basi tabaka moja linataka kupinda kuelekea upande huu, na la pili linataka kupinda kuelekea upande wa pili, kwa kukatiza. Ukiunganisha matakwa yao unapata tandiko.

Lakini ganda limesinyaa sawasawa kila mahali, hivyo umbali juu yake umebaki wa ubapa, na Gauss haruhusu ubapa uwe tandiko bila kuvutwa. Nani atashinda? Watafiti walikata vipande vya ganda vya upana tofauti. Vipande vyembamba vilijisokota kuzunguka mhimili ulionyooka, umbo la tandiko likiwa limeshinda. Kwenye kipande chembamba, kuvutika kunakohitajika ni kudogo mno kuwa kikwazo. Vipande vipana vilijiviringisha kama utepe unaozungushwa kwenye mcheduara, yaani ubapa ulikuwa umeshinda, na kila kipande kiliridhika kupinda upande mmoja tu. Mpaka kati ya ushindi huu na ule hutegemea unene na ukali wa upinde unaotakiwa: kadiri utando ulivyo mnene, ndivyo kipande kinavyoweza kuwa kipana zaidi kabla hakijasalimu amri. Walirudia yote kwa shuka mbili za mpira, kila moja ikiwa imevutwa kwa upande wake na kugandishwa kwa nyingine kwa pembemraba, kisha wakakata tepe. Ni jaribio ambalo shule yenye gundi nzuri na mpira wa glavu inaweza kulifanya, na litafundisha mengi kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Niseme pia kwamba kukunja, kule kwa karatasi, ni habari nyingine. Mkunjo wa Koryo Miura, uliotumika kwenye paneli za jua za chombo cha Kijapani kilichorushwa angani mwaka 1995, hufungua na kufunga vipande bapa bila kubadili urefu wa chochote. Ni ustadi mkubwa, lakini vipande hubaki bapa. Mbinuko wa kweli haupatikani kwa njia hiyo, unaigizwa tu.

Turudi kwenye tando zinazobadili urefu: mbinu za kuuandika urefu huo ziliongezeka haraka baada ya vile vitone vya mwaka 2012. Mwaka 2013 Skylar Tibbits wa MIT alilitangaza jina la uchapaji wa pande nne, wa nne ukiwa wakati, jina ambalo kwa maoni yangu limeuzwa vizuri kuliko bidhaa yoyote iliyochapwa kwalo. Mwaka 2016 kundi la Jennifer Lewis na L. Mahadevan wa Harvard lilichapa maua kwa wino wa jeli uliochanganywa na nyuzi ndogo sana za selulosi. Wino unapopita kwenye tundu jembamba la mashine, nyuzi hujipanga kufuata mstari wa uchapaji, na jeli ikiingia majini huvimba zaidi kwa kukatiza mstari huo. Njia ya mashine juu ya meza ndiyo maandishi. Petali bapa zilizotumbukizwa majini zilijikunja na kusokotana kama okidi.

Kisha ukaja uso wa Gauss. Mwaka 2019 Harvard walichapisha kazi ya J. William Boley, Wim van Rees na wenzao, ambapo wavu bapa wa mpira wa silikoni ulijiinua, kwa badiliko la joto, ukawa uso wa mwanahisabati huyo, pua na paji na kidevu. Heshima iliyomfaa, na pia utani wa wanasayansi. La maana zaidi ni kwa nini walitumia wavu. Mpira unaopashwa joto hutanuka kwa asilimia chache tu, na pua haipatikani kwa asilimia chache. Basi kila utepe wa wavu ulichapwa ukiwa wa upinde, na ndani yake ukiwa na nyenzo zaidi ya moja, ili badiliko dogo la urefu wa nyenzo likunje au kukunjua upinde na kuzifanya ncha zake zisogeane au ziachane kwa umbali mkubwa. Jiometri ilizidisha kile ambacho kemia haikuweza kutoa. Malipo yake ni kwamba wavu ni mlegevu kuliko bamba zima la unene uleule, kwani sehemu kubwa ya uso ni hewa. Tumerudi kwenye wembamba kwa mlango mwingine.

Kuna nyenzo zinazotoa zaidi ya asilimia chache. Elastoma za fuwele kimiminika, zilizotengenezwa kwanza na Heino Finkelmann mwaka 1981, zina molekuli zilizopangwa upande mmoja. Zikipata joto mpangilio unavurugika na mpira unafupika sana kwa upande huo na kutanuka kwa upande wa kukatiza. Ukipanga molekuli kwa miduara kuzunguka nukta moja, utando bapa huinuka kuwa koni, na koni hiyo inaweza kusukuma mzigo ulio mzito kuliko yenyewe mara nyingi. Paris, katika chuo cha ESPCI, Emmanuel Siéfert, Étienne Reyssat, José Bico na Benoît Roman waliiacha kabisa kemia mwaka 2019. Walimimina bamba la mpira lenye mifereji midogo ndani na kuipuliza hewa. Mfereji hutanuka upana kuliko urefu, hivyo mchoro wa mifereji ndio unaoamua umbali, na umbo hutokea kwa sekunde badala ya saa.

Sekunde ni jambo kubwa hapa. Jeli husubiri maji yapenye, na muda wa maji kupenya huongezeka kwa mraba wa unene: ongeza unene mara kumi, subiri mara mia. Utando mwembamba kama unywele hugeuka upesi. Bamba la unene wa kidole lingekuweka siku kadhaa. Kwa hiyo unene unaadhibu mara mbili, kwa ukaidi na kwa uvivu. Mimea imekumbana na kikwazo hichohicho. Mtego wa Dionaea, mmea wa Carolina wa Marekani unaokula wadudu, hufunga jani kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kasi ambayo maji peke yake yasingeweza kuileta. Yoël Forterre, Mahadevan na wenzao walieleza mwaka 2005 kwamba jani lililobinuka kwenda nje hujazwa mvutano polepole hadi linapofika ukingoni mwa uthabiti wake, ndipo linafyatuka na kubinukia ndani kwa mara moja. Mmea hutumia mbinuko kama ghala la nishati. Kwa mwani wa Nereocystis wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, mambo ni ya taratibu zaidi: majani yake huwa bapa na membamba kwenye mkondo wenye kasi, na mapana yenye mawimbi ukingoni kwenye maji tulivu. Yakihamishwa, ukuaji mpya hufuata mahali pipya. Kule kwenye utulivu mawimbi hayo ya ukingo huyaachanisha majani ili yote yapate mwanga. Kwenye kasi mawimbi yangeongeza mburuto na kuuvunja mmea.

Nikitazama yote haya, naona matarajio mengi yameelekezwa pasipofaa. Roboti laini linalobadili umbo mara elfu kwa siku linadai kasi, nguvu na utii kwa pamoja, na fizikia ya unene inaruhusu mawili kati ya hayo, kwa bahati nzuri. Matumizi yenye akili zaidi ni yale yanayohitaji badiliko moja tu. Lining Yao, Ye Tao na wenzao wa Carnegie Mellon walionyesha mwaka 2021 tambi bapa zenye mifuo midogo upande mmoja. Zikichemshwa, upande wenye mifuo huvimba tofauti na ule laini, na tambi hupinda au kujisokota ndani ya sufuria. Pakiti ya tambi za kawaida zilizosokotwa ni hewa tupu kwa sehemu kubwa, na hewa hiyo hupakiwa kwenye malori na meli. Hapa umbo halihitaji kubeba kitu. Linahitaji kushika mchuzi.

Mfano wenye ukubwa wa jengo uko Urbach, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 2019 kundi la Achim Menges wa Chuo Kikuu cha Stuttgart lilisimamisha mnara wa mbao wa mita 14 hivi, uliojengwa kwa mbao zilizoanza zikiwa bapa. Mbao hizo ziliungwa kwa matabaka yenye nyuzi za kukatizana na kutiwa kwenye tanuri la kukaushia; ubao husinyaa zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata, na zikatoka zimepinda kwa kiasi kilichokokotolewa mapema. Baada ya hapo ziliongezewa tabaka la kuzifunga zisinyooke tena. Ni kanuni ya pasi, na ya ganda la Bauhinia, kwenye unene unaoweza kuubeba mnara na kuhimili upepo.

Lakini tazama umbo lenyewe. Kila ubao umepinda upande mmoja tu, kama kipande cha mcheduara. Hilo halikuwa uamuzi wa ladha peke yake. Kwa unene huo na upana huo, ubao ulio kipande kimoja hauwezi kuletwa kwenye tandiko au kuba kwa kukaushwa. Utachagua upande mmoja, kama vile vipande vipana vya ganda. Anayetaka paa la mbinuko wa pande mbili kwa njia hii ana milango miwili niionayo. Ama akate mbao kuwa tepe nyembamba za kutosha ili kila moja ikubali kusokotwa, kisha aziunge baada ya kugeuka, ama afuate njia ya uso wa Gauss, aunde wavu wa tepe zilizopinda na kuziba matundu baadaye. Mlango wa kwanza unaongeza viungo, na viungo ndivyo vinavyokula fedha na kuvujisha mvua. Wa pili unaomba mashine ya kuchapa au kukata yenye ukubwa wa uwanja. Ningeweka fedha zangu kwenye tepe.